Mahari Yangu Ilikuwa na Mwenyewe

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Nyangwe, na kwa sasa naishi Kasongo. Ndugu wasomaji, haya ninayowasimulia yangali yananishtua usingizini... Lakini afadhali niyaseme, kwa sababu kuna mtu mmoja lazima ayasikie kabla hajaolewa.

Nilipochumbiwa sikutaka dhahabu wala vitenge. Shangazi yangu aliachika akiwa na mikufu shingoni na hana pa kulala, nami niliapa yasinikute. Kwetu Waislamu mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe, basi nikasema nataka parseli, kiwanja changu mwenyewe. Ardhi haiozi, na Kasongo wafanyabiashara wanatafuta vyumba vya kupanga kila leo. Niliona mbali, au nilijiona naona mbali.

Mchumba wangu, mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa akienda na kurudi Salamabila, hakubisha hata kidogo. Alisema anayo parseli Kasongo, yenye miti miwili ya avoka, yaani parachichi. Wajomba zangu wakapanda pikipiki wakaenda kuiona. Wakaipima kwa miguu, wakausifu udongo, wakarudi. Jirani hata mmoja hawakumbishia hodi! Nikaozwa kwetu Nyangwe, parseli ikatajwa mbele ya shehe na mashahidi, na mama yangu akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Nilipohamia Kasongo, katika nyumba ndogo iliyokuwa kwenye parseli ile, nilikuta jambo la ajabu. Kila Ijumaa asubuhi bibi mmoja mzee aliingia na ufagio wake, akafagia mahali padogo kati ya ile miti miwili, akakaa chini kidogo, akaenda zake. Hakunisalimu. Nilipomuuliza mume wangu, alicheka.

"Ule bibi iko na kichaa," alisema. "Usimujali, atachoka."

Nikaamini. Kama si mume wangu, ningemwamini nani?

Nikauza cherehani yangu, nikanunua matofali na mabati ya vyumba vinne. Msingi ulichimbwa nikiwa Nyangwe kumuuguza mama. Mume wangu ndiye aliyesimamia. Niliporudi kuta zilikuwa zimefika madirishani, na chumba cha tatu kimesimama katikati ya ile miti. Nikafurahi... jamani, nilifurahi!

Vyumba vikapata wapangaji. Lakini Ijumaa bibi akaja vilevile. Alisimama mbele ya chumba cha tatu, akainama, akafagia kizingiti. Kisha akaweka kiganja ukutani, akabaki hivyo. Mpangaji wa chumba kile akahama. Aliyemfuata akahama pia, akasema hawezi kulala mahali panapofagiliwa namna ile. Mimi mwenyewe nikaanza kuusikia ule ufagio hata siku zisizo za Ijumaa... polepole, ukutani kwangu.

Mwisho nikashindwa. Nikamwekea bibi kiti, nikampa maji, nikamuuliza anatafuta nini kwangu.

"Sitafuti kitu, mama," alinijibu. "Mutoto wangu iko humu chini. Hii parseli ilikuwa mahari yake. Bwana yako ndiye alimuoa."

Nikaketi chini, naye akanieleza yote. Binti yake alifariki katika uzazi, yeye na kichanga chake, wakati risasi zilikuwa zimefunga njia ya makaburini. Wakamzika palepale, kati ya miti yake. Bibi alikuwa na fungu lake la urithi katika mahari ile, lakini mkwe akaichukua yote. Majirani walijua. Walinyamaza wakidhani na mimi najua, kwamba nimekubali kujenga juu ya mwenzangu!

Mume wangu aliporudi kutoka Salamabila nilimuuliza. Nilikuwa naomba Mungu amfanye akane. Hakuinua hata macho kutoka kwenye sahani.

"Mufu atafanya nini na parseli?" alisema.

Akaendelea kula. Nikamtazama anavyotafuna, nikajua kwamba na mimi nikifa leo, kesho parseli itatajwa mbele ya shehe mwingine.

Wala hakungoja nife. Nilipowaita mafundi wakabomoa chumba cha tatu, nikamwambia bibi hapa ni pake, mume wangu aliondoka kwa hasira na hajarudi. Sasa habari zimenifikia kwamba anaoa tena, huko Kabambare. Mahari aliyoahidi ni parseli ya Kasongo yenye vyumba vya kupangisha.

Dada zangu, parseli ni mahari njema, sikatazi. Lakini msitume wajomba wakapime udongo tu. Bisheni hodi kwa majirani, ulizeni nani alikaa pale na aliondoka vipi. Msiingie nilikoingia mimi, nikiwa nimefumba macho kwa furaha.

Na wewe binti wa Kabambare, jina lako silijui. Parseli yenyewe ina miti miwili ya avoka, na katikati yake pako wazi, pamefagiliwa. Magoti ya bibi yamechoka, kwa hiyo siku hizi ufagio naushika mimi. Mchumba wako akikuambia kwamba pale hupita wanawake wawili wenye kichaa, ni sisi. Njoo Ijumaa, utuulize.