Gobore la Marehemu

Mpunga ukianza kukomaa, watu wa Ngorongo huhamia bondeni. Kila mwenye shamba hujenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, akakaa humo kulinda. Mchana huwinga ndege. Jua likizama huja nguruwe pori, na hao hawana haya hata kidogo.

Huseni alilinda kwa gobore la baba yake. Mzee alipofariki, arobaini ilipopita, ndugu waligawana vitu. Swalehe, mdogo mtu, alipata baiskeli. Huseni, kwa kuwa ndiye mkubwa, alipata gobore. Hakuna aliyeshtuka. Lilirithiwa kama koti.

Siku moja Afande Yasmin, polisi wa kata, alipita madunguni akizungumza na wakulima. Mkewe Huseni, Mwanaheri, alimkaribisha uji.

"Wenye silaha za marehemu wazilete kituoni," alisema Yasmin.

Huseni akadakia. "Afande, nyie mnabeba bunduki mpaka sokoni. Sokoni kuna nguruwe? Sisi wenye nguruwe ndio tunakatazwa!"

Yasmin akacheka. "Kaka Huseni, ile bunduki si yangu. Nakabidhiwa nikiwa kazini, tena nimefunzwa kuitumia. Zamu ikiisha, narudisha. Risasi moja ikipungua, nitaeleza imekwenda wapi."

"Na raia je?"

"Raia huomba leseni kwa jina lake. Huchunguzwa kama anafaa. Leseni ya mzee ilikuwa ya mzee. Alipokufa, silaha ilitakiwa irudi kituoni. Mrithi akiitaka, aombe leseni yake mwenyewe. Haya, gobore la mzee liko wapi?"

"Lilishaoza, Afande. Tulilitupa mtoni."

Lilikuwa nyuma yake, chini ya mkeka. Mwanaheri aliinamisha kichwa. Yasmin alipoondoka, akamwambia mumewe, "Baba Mudy, lipeleke."

"Tukishavuna," alijibu Huseni.

Laiti angelipeleka siku ile!

Jioni moja, giza likianza kuingia, mpunga ulitikisika. Huseni aliona kitu kimeinama, cheusi. Hakuuliza. Hakupiga kelele. Alifyatua.

Nguruwe halii, "Mama yangu nakufa!"

Huseni aliruka kutoka dunguni akakimbilia sauti. Alikuwa Swalehe, ameinama kuziba tundu la uzio alilopitia nguruwe. Goti lake lilikuwa limesagika.

"Kaka," alisema Swalehe, "nilikuwa nakuzibia hapa."

Hospitalini waliokoa roho yake. Mguu waliukata. Huseni alikwenda mwenyewe kwa Afande Yasmin na gobore mkononi, akalia mbele yake kama mtoto. Yasmin naye machozi yalimlengalenga, lakini sheria ni sheria. Huseni alishitakiwa, akafungwa. Mwaka ule Mwanaheri alivuna peke yake, na nguruwe walikula walichotaka.

Huseni alipotoka gerezani, Yasmin alimwomba aseme kwenye mkutano wa kijiji. Huseni alisimama. Swalehe alikuwa mstari wa mbele, magongo yake mapajani.

"Mimi nilidhani silaha inarithiwa kama koti," alisema Huseni. "Nikamwambia Afande uongo kwa ajili ya mpunga. Jamani, mpunga ukiliwa, mwakani tutapanda tena. Mguu wa ndugu yangu nitaupanda wapi?"

Kesho yake, wazee watatu walimwita Yasmin, wakamkabidhi magobore waliyokuwa wameficha darini.

Siku hizi wenye mashamba ya bondeni hulinda pamoja. Huwasha moto, hupiga madebe, huitana kutoka dungu hadi dungu. Nguruwe wamepungua. Wakija wengi, hupigiwa simu askari wa wanyamapori, nao huja na silaha zao za kazi.

Swalehe alisamehe tangu kitandani hospitalini. Hupanda bodaboda kuja bondeni, akakaa chini na debe lake, maana ngazi haiwezi.

"Kaka, panda wewe juu, uone mbali," humwambia.

Huseni hapandi. Huketi chini, karibu na ndugu yake.