Mfuko Wenye Joto

Mfuko wa kwanza ulitoka kwenye cherehani ukiwa na joto.

Fundi Digrii, jina la kejeli, maana alisomea political science na sasa anashona mifuko ya mashati ya jeshi, alitumbukiza vidole ndani kupima pembe, kama wafanyavyo washona mifuko wote. Vidole vikatoka na majivu. Akanusa. Nywele zilizoungua.

"Mama Pasi," akamnong'oneza mpiga pasi wa meza ya jirani. "Umeona?"

"Tangu juzi. Nyamaza, nina watoto."

"Haya mashati yanakwenda kule kwenye habari. Wanakochoma vijiji."

"Kwani kiberiti unawasha wewe? Unashona mfuko, baba. Mfuko!"

Maneno hayohayo amekuwa akijiambia tangu aajiriwe. Kwa miaka amekula soli za viatu akitafuta kazi, bahasha ya vyeti kwapani, na mama yake akisema "Mungu yupo" kwa sauti ya kutoa pole msibani. Leo kazi ipo, na kazi yenyewe ndiyo hii! Akatamani kumtukana mtu. Hakujua aanze na nani.

Washonaji wengine nao walipokuta majivu wakagoma kukaa kwenye cherehani, msimamizi akaleta mganga mchana kweupe. Mganga akapita cherehani baada ya cherehani, akasimama kwa Digrii, akaliweka shati sikioni.

"Huyu jini amefuata damu mpaka kwenye uzi," akasema polepole. "Mimi simtoi. Wewe ukiacha kushona, hapa kwako anapotea njia."

"Mimi tu? Na hao wengine? Na waliotoa oda?"

"Nimekuambia wewe."

"Guys, production!" msimamizi akapayuka. "Asiyetaka, mlango ule. Nje digrii zimejaa kama nzi."

Digrii akautazama mlango. Akaketi.

Akakanyaga pedali, na cherehani ikaguna kama mtu aliyezibwa mdomo, na moshi usioonekana ukamkaba koo, na chini ya mlio wa sindano akasikia miguu mingi ikikimbia juu ya majani makavu, ikikaribia, ikikaribia, mpaka mshono ukafika mwisho na vidole vyake, kwa mazoea tu, vikazama mfukoni kupima pembe.

Humo ndani vidole vidogo, vya moto, vikamshika.

"Vipi?" Mama Pasi akanong'ona.

"Mfuko uko sawa," akajibu, mkono ungali ndani. "Lete shati jingine."