Mwalimu Hachomwi Moto

Fundi alikuwa akichomelea geti la jirani mkewe alipoingia karakanani. Akazima mashine. Akainua kinyago chake. Mkewe hakuzoea kuja huko, kwa sababu moshi ulimkohoza.

"Daktari kasemaje?" Fundi aliuliza.

"Kasema bado."

"Bado nini, Mwalimu?"

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mumewe. Alifundisha chekechea mpaka alipougua saratani ya titi. Madaktari walimfanyia upasuaji, wakaondoa titi lote. Baadaye wakampa dawa za saratani kwa dripu. Alitapika, akakonda, nywele zikamtoka zote. Sasa zilikuwa zimeanza kuota tena, laini kama za mtoto mchanga. Nyumbani wote walidhani kwamba matibabu yamekwisha.

"Wanataka nipate mionzi," Mwalimu alisema.

Fundi akaweka koleo chini. Akaliokota. Akaliweka tena.

"Wakuchome? Kifuani?"

"Ndivyo watu wanavyosema. Kuchomwa mionzi."

"Hapana! Kuchoma ndiyo kazi yangu. Najua moto unavyofanya nyama ya mtu." Akamwonyesha kovu lake la mkono. "Titi wameondoa. Dawa umemaliza. Wanachoma nini tena?"

Kule hospitalini, Mwalimu alipolisikia tu neno "mionzi", masikio yaliziba. Maneno yaliyofuata hayakuingia.

Basi siku ya miadi ikafika, ikapita. Mwalimu hakwenda.

Lakini Fundi naye hakupata raha. Alianza geti, akaliacha, akashika dirisha, akaliacha nalo. Chakula alikidonoa, kisha akainuka mezani. Kila mkewe alipojigusa kifua, Fundi aliruka.

"Nini? Panauma?"

"Panawasha tu, baba. Kovu linapona. Hebu kaa ule."

Hakukaa.

Asubuhi moja simu ya Mwalimu ililia. Alikuwa nesi wa hospitali.

"Mwalimu, tulikusubiri. Kuna nini?"

"Naogopa," Mwalimu alisema.

"Kuogopa si kosa. Ila tiba hii ina wakati wake, usiuache upite. Njoo hata kama hujakubali. Njoo uulize."

Mwalimu akakata simu. Akachukua kitambaa, akajifunga kichwani.

"Mimi nakwenda. Mwili ni wangu, Fundi. Ukitaka kununa, nunia njiani."

Fundi alinuna njia nzima, lakini alikwenda. Hospitalini alikataa kuingia ndani. Alibaki uani, akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkewe alipotoka, uso wake ulikuwa mwepesi kidogo.

"Nimeuliza," alisema. "Daktari kanieleza. Titi limetoka, lakini huenda vipo vipande vya saratani vilivyobaki kwenye ngozi ya kifua, au kwenye tezi za kwapani na karibu na bega. Anaviita chembe. Ni vidogo mno, hata kipimo hakivioni. Mionzi inaviua kabla havijaota tena."

"Kwani kila mwanamke anapewa?"

"Hapana. Inategemea uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani, na kama saratani ilifika kwenye tezi. Yangu ilifika."

Hilo la tezi Fundi alikuwa hajalisikia.

Mwalimu alikubali tiba, wakampiga picha ya kifua. Wakamchora alama ndogo kwenye ngozi, ili mashine ilenge palepale kila siku. Wakamwambia asizisugue. Kisha tiba ikaanza. Siku ya kwanza alilala kwenye kitanda chembamba, mkono umeinuliwa juu ya kichwa. Mashine ikamzunguka, ikavuma. Baada ya dakika chache akaambiwa ainuke.

"Tayari?" Fundi aliuliza mlangoni.

"Tayari. Sikusikia maumivu yoyote. Hata joto."

Badala ya kutulia, Fundi aliogopa zaidi. Moto wa karakana angalau unauona. Huu usioonekana unakwenda wapi? Labda umebaki mwilini mwa mtu!

Walipofika nyumbani, binti yao mdogo, Kitinda, alitoka mbio. "Mama! Mama!" Akanyoosha mikono. Fundi akamdaka hewani, akamvuta nyuma.

"Usimguse mama!"

Kitinda akaangua kilio. Mwalimu alisimama pale, mikono wazi. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango.

Fundi alijiona mdogo kuliko mtoto. Lakini hofu haikumtoka.

Kesho yake hakubaki uani. Aliingia moja kwa moja mpaka kwa mtaalamu wa mionzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole.

"Dada, samahani. Mke wangu akitoka hapa, mtoto anaweza kumkumbatia?"

"Anaweza. Hata wewe unaweza."

"Mionzi haibaki mwilini?"

"Wewe kazi yako nini, kaka?"

"Nachomelea vyuma."

"Ukizima mashine, ule mwanga mkali unabaki kwenye geti?"

"Haubaki. Ila geti linabaki la moto! Ukiligusa, unaungua."

Mtaalamu akacheka mpaka akashika meza. "Hapo umenikamata! Lakini hapa hatuwashi moto. Mionzi hii inatoka kwenye mashine. Mashine ikizimwa, hakuna kinachobaki kwa mama wa kumdhuru mtoto. Alale naye, ale naye."

"Na ngozi?"

"Ngozi inaweza kuwa nyeusi au nyekundu, iwashe, hata ibambuke. Aoshe taratibu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Akaushe kwa kugusisha taulo, asisugue. Avae nguo ya pamba isiyobana. Asipake mafuta wala dawa yoyote bila kutuuliza. Atachoka, basi msaidie kazi. Na ikitokea vidonda, mkono kuvimba, au kikohozi kisichoisha, atuambie mapema. Ila asiache tiba njiani kwa sababu ya maneno ya watu."

Siku ile Fundi alitangulia kufika nyumbani. Alimbeba Kitinda, akamsubiri mkewe kizingitini.

"Nimeuliza," alisema. "Nisamehe, Mwalimu." Akamweka mtoto kwenye mikono ya mama yake.

"Baba, mama ni mzima?" Kitinda aliuliza.

"Anatibiwa. Ila usimkanyage kifua, wewe farasi!"

Mwalimu alicheka. Hakuwa amecheka tangu jana yake.

Waliendelea kwenda hospitali, siku za kazi, wiki baada ya wiki. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi, kisha ikabambuka chini ya kwapa. Wifi yake Mwalimu alileta mafuta ya kuchua. Fundi akayapokea kwa adabu, akayaweka juu ya kabati. "Kwanza tuulize," alisema. Walipouliza hospitalini, wakapewa krimu nyingine. Mwalimu alipochoka, Fundi alipika. Aliunguza sufuria, akalaumu jiko.

Tiba ikaisha. Taratibu ngozi ikapona. Daktari akasema ataendelea kumpima mara kwa mara, na mazoezi ya mkono asiyaache.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu alirudi darasani. Fundi alimsindikiza, akabaki dirishani, akisogea huku na huku. Watoto walimzunguka mwalimu wao wote kwa pamoja, wakamng'ang'ania sketi, mikono, shingo.

"Polepole jamani!" Fundi aliita.

Mwalimu akageuka. "Fundi, nenda kazini. Hawa ni wangu."

Akaenda.