Nyungu Haikuwa na Bukari

— Papa Anne, ni nani alifungula hii nyungu?

Ambroise alisimama kando ya mbabula, jiko la makaa, kijiko mkononi, vumbi la kiwandani bado limemkaa kwenye nyusi. Mtu aliyekamatwa na kijiko atajitetea vipi?

Mke wake, Berthe, hakuwa na tanuri. Keki yake aliioka kama majirani wote: makaa chini ya nyungu, makaa juu ya kifuniko. Sasa kifuniko kilikuwa chini. Jivu limemwagikia keki, katikati imezama, na pembeni kuna shimo la kijiko.

— Nilizania ni bukari, mama Anne.

— Bukari! Siku ya mariage yetu?

— Kila nikitoka poste ya usiku unaniwekea bukari pa mbabula, na makala juu ya kifuniko, isipoe. Mukono ilienda yenyewe.

Ilikuwa kweli: zamu ya usiku ikiisha, ugali wake ulimngoja hivyo. Lakini Berthe alikuwa amekesha akipika, na aliyechoka hana sikio la ukweli. Alikaa chini kwenye kigoda, kilemba kikamshuka usoni.

Walianza kuishi pamoja kabla kampuni ya migodi aliyoitumikia Ambroise haijawa ya serikali. Mahari ilitolewa, watoto wakaja, Anne wa kwanza. Ilibaki mariage tu, ile ndoa ya kanisani. Mara mbili padri alipanga siku, mara mbili Ambroise hakutokea. Mji mzima wa Likasi ulicheka. Leo ilikuwa mara ya tatu.

— Sema tu haunitaki, Ambroise.

Hakumwita papa Anne.

— Berthe...

— Minachoka! Mara ya kwanza kazi, mara ya pili kazi, sasa hii gato imeharibika. Na tangu jana haukurudi nyumba. Wende, umuambie mon père wa kanisa mariage haiko.

— Nilikuwa ku kazi.

— Poste mbili?

— Yangu na ya Zéphirin mwenzangu wa kazi, juu yeye anitumikie yangu ya leo. Zile mara mbili chef alikatala kuniachilia. Mara hii sikumuuliza.

— Juu ya nini haukuniambia?

— Niliogopa. Nilikuahidi mara mbili, nikakosa. Nilitaka kwanza nifike hapa, ndiyo niseme.

Berthe alimtazama. Macho mekundu, midomo imekauka, kijiko bado mkononi.

— Ulikula lini?

— Jana asubuhi.

Hasira ilimtoka Berthe, akabaki na uchovu na mapenzi, na hakujua kipi kinamliza. Alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

— Nipe kisu.

Alipindua keki kwenye sahani, akakwangua jivu, akaitupa katikati iliyobaki mbichi. Kingo zilikuwa zimeiva vizuri. Alizikata vipande, akavipanga vikigusana, akavishikanisha kwa maziwa ya unga na sukari. Ambroise alipewa bakuli.

— Koroga polepole! Haiko chokaa yenu ya kiwanda ya Kakontwe.

— Ndiyo, madame.

Ambroise alicheka mwenyewe kwanza. Berthe alijikaza, akashindwa. Walipoipaka yote nyeupe, hakuna ambaye angejua ilikuwa imevunjika.

Kanisani Ambroise alisema "ndiyo" kabla padri hajamaliza kuuliza.

Nyumbani, mdogo wake Berthe, Germaine, aliizunguka keki mara mbili.

— Yaya, dada yangu, hii ulinunua kwa mzungu gani?

— Kwa mzungu wa mbabula.

Ikafika zamu ya maharusi kulishana. Germaine alileta uma mpya. Berthe aliukataa, akatoa kijiko kwenye mkoba wake, kile kile cha asubuhi. Wageni walinong'ona, Ambroise peke yake alikitambua, akainamisha kichwa.

— Fungula kinywa, papa Anne. Bukari yako hii, ingali na moto.

Alikula macho yamefumbwa. Wageni walipiga vigelegele, wakasema tazameni mapenzi. Berthe alimsogelea, akamwegemeza begani mwake, maana mume wake alikuwa amekwisha kulala.