Bendera Nyekundu Juu ya Bahari Tulivu

Jumapili mchana baa za mji mkongwe wa Donostia huwa hazina pa kupitisha hata kiwiko. Watu walikuwa wamebanana kwenye kaunta, kila mmoja na kipande chake cha mkate chenye samaki wadogo wa siki, kila mmoja akipaza sauti ili asikike. Lierni alikuwa katika gauni la manjano lililoacha mabega wazi, nywele amezifunga juu kwa sababu ya joto. Ndipo aliposikia mtu nyuma yake akiagiza mvinyo wa tufaha, akageuka upesi nusura amwagie kinywaji chake.

"Ni wewe!"

"Mimi nani tena?"

"Wewe wa redio! Wewe ndiye uliyesema Jumamosi jua tupu. Nililowa chapachapa!"

"Nilisema manyunyu," yule kijana alijitetea.

"Muongo. Manyunyu gani yale? Viatu vyangu mpaka leo havijakauka."

"Basi nikununulie kinywaji yaishe."

"Kinywaji kimoja kwa mvua ile? Unanidharau, bwana."

Alimnunulia viwili. Jina lake Oier, mrefu, shati la kitani limekunjwa mikono, na kila alasiri ndiye aliyesoma utabiri wa hali ya hewa wa mkoa. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ambayo hata ikikutangazia ukungu unasikia raha. Lierni naye alikuwa mlinzi wa waogaji katika ufukwe wa Zurriola. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: kabla Julai haijaisha ufukwe mzima ulishajua. Jambo moja tu Oier hakupenda kulizungumza, nalo ni baba yake, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita. Lierni hakuwahi kumwona, wala hakumsumbua Oier kwa maswali.

Kisha Agosti ikaingia na upepo wa kusini, ule ambao wenyeji husema unapeperusha akili za watu. Siku ya tatu ya joto hilo Oier alimpigia asubuhi.

"Umeamkaje, kipusa?"

"Nimeiva. Unaweza kunila kwa chumvi tu."

"Vumilia. Hewa baridi inakuja kutoka magharibi, saa moja jioni itakuwa hapa."

"Una hakika? Mimi na wewe tuna kesi ya viatu."

"Saa moja, mpenzi. Jioni nitakuja kukuchukua, nina neno nataka kukwambia."

"Neno gani? Sema sasa!"

"Jioni," alisema akicheka, akakata simu.

Alasiri upepo ulikoma ghafla. Haukupungua, ulikoma, utadhani kuna mtu amefunga mlango. Bendera ya kijani, ile ya kuruhusu kuogelea, ikalala kwenye mlingoti. Bahari ikawa laini kama mafuta, na ndani yake walikuwamo watoto, wazee, wajawazito, mji mzima ukijipoza. Lierni akaona shakwe wametua mchangani, wengi kupita kawaida, wote wametazama magharibi, na hakuna hata mmoja anayelia. Hakupenda alivyowaona. Simu yake ikaita. Oier.

"Watoe watu majini."

"Hata salamu, laazizi?"

"Watoe sasa hivi, binti. Usingoje saa moja. Na uvae sweta."

Simu ikakatika. Sweta! Jua lilikuwa likichoma mpaka mchanga haukanyagiki. Lakini Lierni alisimama akiitazama simu, vinyweleo vimemsimama mikononi, kwa kuwa nyuma ya sauti ile alikuwa amesikia upepo, upepo mkubwa unaovuma, na pale alipokuwa halikutikisika hata jani. Tena tangu lini Oier akamwita binti?

Akapandisha bendera nyekundu. Akapuliza kipyenga mpaka mashavu yakauma.

"Una wazimu wewe?" mzee mmoja alifoka, maji yamemfika shingoni. "Bahari hii hata mtoto mchanga anaogea!"

"Tokeni! Wote tokeni! Oier wa redio amesema!"

Walitoka wakizomea. Mkuu wake, Koldo, alishuka kutoka kibanda cha walinzi akikimbia, kofia mkononi.

"Nani amekupa amri?"

"Oier amenipigia. Inakuja sasa, si saa moja."

"Amekupigia saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Koldo alivaa kofia yake. "Sasa hivi Oier alikuwa redioni. Nimemsikiliza mwanzo mpaka mwisho. Saa moja jioni, ndivyo alivyosema."

"Labda wamerekodi."

"Mpigie."

Lierni alipiga. Oier alipokea akihema, ndiyo kwanza anatoka studio.

"Mimi? Sijakupigia, mpenzi. Nilikuwa hewani."

"Oier, usinitanie. Nimewatoa watu wote majini."

"Umefanya nini? Na umetaja jina langu?"

"Ningetaja la nani? Ni wewe uliyeniambia!"

"Lierni, hapa simu za malalamiko zimeshaanza kuita! Watu wanasema nawatisha bure. Kwa nini unanisingizia?"

"Kumbe ndivyo ulivyo," Lierni alisema. "Mkubwa wako akikukunjia uso tu, unanikana."

Akakata. Machozi yalimlenga, na mamia ya watu waliolowa walikuwa wakimkodolea macho.

"Ishushe bendera," Koldo alisema, safari hii kwa upole. "Ishushe, nami nitasahau. Ukiiacha na pasitokee kitu, kesho usije. Hilo halitakuwa mikononi mwangu."

Lierni aliupenda ufukwe ule kuliko nyumba aliyozaliwa. Alimpenda Oier pia, Mungu anajua. Lakini Oier amemkana, na sauti ile nyingine, yoyote iliyokuwa, ilikuwa imemjali mpaka ikafikiria sweta. Akakaa chini ya mlingoti, ameikumbatia kamba kwa mikono miwili.

"Siishushi."

Watu walianza kurudi majini mmojammoja, wakimcheka. Hapo ndipo juu ya kilima cha magharibi ilipotokea mstari wa wingu jeusi, mwembamba, uliolala chini mno. Shakwe wote waliruka kwa pamoja.

Galerna, ndivyo wenyeji wanavyoiita dhoruba ya ghafla ya namna hii, haibishi hodi. Upepo uliupiga ufukwe, miavuli ikang'oka na kuruka barabarani, mchanga ukachoma macho, na joto likatoweka kana kwamba halikuwahi kuwapo. Wale waliokwisha kurudi walitoka wakipiga mayowe, maji hayajawafika magotini. Pale walipokuwa wakielea watoto, mawimbi sasa yalikuwa yakipandana kama fahali. Hakupotea mtu. Yule mzee mfokaji alisimama amejifunga taulo, meno yakigongana. Koldo alileta sweta lake kutoka kibandani akamvisha Lierni.

Jioni Oier aliwasili kibandani amelowa, shati limemganda mwilini. Koldo aliwapisha.

"Nisamehe," Oier alisema.

"Ulinikana."

"Nilikukana, na nimeaibika. Lakini haki ya Mungu, Lierni, sikukupigia."

"Najua hukunipigia. Ndiyo maana natetemeka."

Akamwonyesha simu yake: jina la Oier lilikuwapo. Oier akatoa yake, haikuonyesha kuwa ilimpigia alasiri ile, akaiweka benchini katikati yao.

"Huyo mtu alisemaje hasa?"

"Alisema nisingoje saa moja. Akaniita binti. Akasema nivae sweta."

Oier aliketi kando ya simu. Lierni akamshika mkono.

"Baba yangu," alisema Oier, "alikuwa mtu wa redio bandarini. Kazi yake kuwaonya wavuvi wakiwa baharini. Kila onyo alimalizia hivyo hivyo, vaeni sweta. Walimcheka miaka yote."

"Na sauti?"

"Watu walipiga nyumbani wakazungumza nami nusu saa, wakidhani ni yeye."

Nje upepo ulikuwa umetulia, mvua ikinyesha polepole. Simu ya Lierni ikaita. Wote wawili wakatazama: Oier, kiliandika kioo. Simu ya Oier ililala benchini, imezimika.

"Pokea," alinong'ona Oier.

"Siwezi. Ni yako hii."

Oier aliichukua simu ile, akapokea. Hata Lierni aliusikia ule upepo mkubwa, ukivuma mbali.

"Baba?"

Alisikiliza. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta.

"Anasemaje?" Lierni aliuliza, amemng'ang'ania bega.

"Anauliza kama nimeshakwambia."

"Kuniambia nini?"

"Kwamba nataka kukuoa. Nilikuwa nangoja hali ya hewa nzuri."

Lierni alicheka, kisha akalia, kisha akainama, midomo yake ikakaribia simu.

"Nimekubali, Baba," alisema.

Upande wa pili upepo ukanyamaza, na simu ikakatika.