Mshale Uliogeuza Uso

Mlio ulitangulia. Tiii! Tiii! Tiii! Mkali, wa kukera, kama mtoto aliyeachishwa ziwa kwa nguvu. Kisha taa nyekundu ikawaka juu ya mlango wa chuma, na foleni ya watu wa kubadilishana zamu ikasimama na kuanza kunung'unika.

"Nani ana chuma?" sauti ya kiume ikauliza kutoka mbele. "Mwenye chuma ajitaje kabla sijamtaja mimi."

Hakujitaja mtu. Lakini macho yote yalikuwa yameshamgeukia msichana mmoja mgeni, mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni na nywele zilizofungwa juu kwa vibanio.

"Dada, kichwani umebeba duka la vyuma?"

"Kichwani nimebeba akili," alijibu. "Hizo nazo zinalia?"

Foleni ikaangua kicheko. Kijana wa mlangoni hakucheka. Alivaa ovaroli la buluu na kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni, ingawa nje jua lilikuwa linachoma. Alinyoosha kiganja.

"Akili pita nazo. Vibanio weka hapa. Humo ndani mna sumaku isiyo na adabu. Ikivivuta hivyo, kichwa kitavifuata, na mimi sitaki kesi na mama yako."

Alivichomoa kimoja kimoja, nywele zikamshukia mabegani, na kila kibanio alikitua kwenye kiganja kile kwa kishindo kidogo cha ubishi. Alipomaliza, kijana akatoa mfukoni dira ndogo ya plastiki, ukubwa wa kifungo cha koti, akamwonyesha mstari wa njano uliochorwa sakafuni.

"Simama hapo uone."

Msichana akasimama. Mshale wa dira ukatetemeka, ukayumba, kisha ncha nyekundu ikageuka na kutazama ndani, kule kwenye sumaku.

"Mwekundu anajua kwao," kijana alisema.

"Na wewe unajua kwenu?"

"Nilikuwa najua. Asubuhi hii nimepotea. Chukua hiyo dira, ni yako. Ukinitafuta, fuata nyekundu."

Msichana akacheka, ingawa alikuwa ameapa kutocheka.

Yeye alikuja pale maabarani kuchambua data, na kazini wakamwita Mchambuzi. Kijana aliitwa Jokofu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza shabaha: kipande cha amonia kilichogandishwa kwa baridi ambayo barafu ya kawaida ingeiogopa, kilichokaa katikati ya sumaku kubwa. Protoni za kipande kile zilipangwa zizunguke zikielekea upande mmoja, kisha mtambo ukazipiga kwa elektroni. Ila jina lile lilikuwa utani mtupu. Kwa hasira alizokuwa nazo, Jokofu angeweza kuchemsha sufuria kwa kuitazama.

Mapenzi yao yalilelewa na simu. Mchambuzi ghorofa ya tatu mbele ya kompyuta, Jokofu chini kabisa kwenye ukumbi wa zege.

"Kwaki."

"Abee, Jokofu."

"Unajua kwa nini nakuita Kwaki?"

"Kwa sababu mimi ni mdogo?"

"Kwa sababu kwaki haijawahi kukutwa peke yake. Ni chembe zinazoishi pamoja, tatu tatu, ndani ya protoni. Ukiishika moja uitoe nje, kadiri unavyoivuta ndivyo zinavyozidi kushikana."

"Kwa hiyo ukiniacha..."

"Nimekwambia mambo ya kuachana? Sikiliza ubeti."

Mashairi Jokofu alijifundisha mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole huku akisubiri mitambo ipoe.

*Kwaki wangu nakuvuta, wazidi kung'ang'ania,*
*Baridi nimeipata, moyoni moto watia.*

Kazi iliyowakutanisha ilikuwa kitendawili. Zamani wataalamu walidhani kwaki tatu ndizo zinazobeba mzunguko wote wa protoni. Walipopima, wakakuta zinabeba kama theluthi tu. Theluthi mbili zinazobaki zinabebwa na nani? Kundi lao lilihesabu elektroni zinazoruka pale mizunguko ya elektroni na protoni inapoelekea upande mmoja, kisha zile zinazoruka inapopingana, wakatoa idadi moja katika nyingine. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya magunia mawili ya mchele yaliyopishana konzi moja. Kwa sababu hiyo waliweka kanuni kali. Kompyuta iliongeza namba ya siri kwenye kila jibu ili mtu asione anachotamani kuona, hata alama ya kujumlisha au kutoa isijulikane. Makundi mawili yalichambua kila moja kivyake, na hakuna aliyeruhusiwa kulinong'oneza kundi lingine. Mchambuzi alikuwa kundi la kwanza. Jokofu alikuwa la pili.

Wakiwa katikati ya kazi, sumaku ilipandwa na joto. Heliamu yote iliyokuwa inaipoza ikachemka na kutoka kwa mngurumo uliotikisa madirisha. Matengenezo yakachukua wiki kadhaa, na nyaya za mwisho alizifunga Jokofu mwenyewe. Mchambuzi aliikumbuka vizuri siku ile, kwa sababu alimpigia simu.

"Niko chini ya sumaku, mpenzi, mikono imejaa."

"Basi ibane simu kwa bega. Tangu asubuhi sijasikia hata ubeti mmoja. Unataka nife?"

Jokofu alicheka, akamtungia papo hapo, na nyuma ya sauti yake spana ilisikika ikigonga chuma.

Mtambo ukarudi kufanya kazi. Mchambuzi akaziweka data za kabla ya matengenezo kando ya data za baada. Hazikulingana. Hazikukaribiana hata.

Alikaa na siri ile kama mtu aliyemeza mfupa. Kisha ukafika mkutano wa kundi zima, chumba kimejaa, Mkuu wa jaribio amekaa mbele na miwani yake ikining'inia kifuani. Alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Data za baada ya matengenezo hazilingani na za kabla," Mchambuzi alisema, macho kwenye skrini. "Mtambo umekaguliwa, vihesabio vimekaguliwa. Imebaki shabaha."

"Unapendekeza nini?" Mkuu aliuliza.

"Tusipopata maelezo, zitupwe."

Jokofu aliinuka, kiti chake kikaanguka nyuma. Kila mtu pale alijua kwamba data zile ndizo shahada ya udaktari ya Jokofu, kazi yake yote tangu aje pale, na kwamba bila hizo hana cha kuandika wala sababu ya kubaki. Alimtazama Mchambuzi mara moja, akatoka. Mchambuzi akamfuata mbio hadi kwenye korido.

"Ulijua tangu lini?" Jokofu aliuliza bila kugeuka.

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita! Jumapili tumekula sahani moja. Umenifuta mchuzi kidevuni! Kumbe unanifuta huku umeshanichimbia kaburi?"

"Kanuni hairuhusu kuambiana..."

"Kanuni ilikukataza kusema namba! Ilikukataza na kusema, 'mpenzi, kesho chukua mwavuli, mvua inakuja'? Maneno hayo tu, yangekuvunja meno?"

Mchambuzi akapandisha sauti.

"Usinifokee! Mimi si shabaha yako unigeuze utakavyo! Nimefanya kazi yangu. Wewe ungefanya yako, tusingefika hapa!"

Jokofu aligeuka mwishowe. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Nilidhani nina mpenzi. Kumbe nina mkaguzi."

Jioni simu ililia mara moja. Ulikuwa ujumbe, si wito.

*Mbele za watu wavua, nguo uliyonivika,*
*Kumbe yote ulijua, kimya ukanizunguka.*

"Hata kunitukana ananitukana kwa vina!" Mchambuzi alimlalamikia dada yake, msusi, aliyekuwa akiishi naye. "Mizani imetimia, adabu ndiyo imepungua!"

Dada hakuacha kukunja taulo za saluni. "Shemeji amekosea wapi?"

"Usimwite shemeji!"

"Haya, yule bwana wa mashairi amekosea wapi?"

"Kanifokea koridoni! Kaniita mkaguzi!"

"Na wewe umewaambia watu kazi yake mbovu kabla hujamwambia mwenyewe." Dada aliweka taulo juu ya nyingine. "Mimi mteja nikimuunguza nywele, mwenzangu wa saluni akapaza sauti wateja wote wasikie badala ya kunivuta pembeni, siku hiyo tutagawana viti."

"Uko upande wa nani?"

"Upande wa nywele."

Mchambuzi aliingia chumbani na kuubamiza mlango. Juu ya meza, dira ilimtazama. Aliichukua kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mende. Kesho itarudi kwa mwenyewe. Na itarudi mbele za watu, maana ndiko anakodai alivuliwa nguo.

Kesho yake mchana alishuka chini na gauni lile lile la kijani, kusudi, na kichwani hakuweka kibanio hata kimoja. Zamu zilikuwa zinabadilishana. Jokofu alisimama ng'ambo ya mstari wa njano, macho mekundu, kofia mkononi.

"Nimeleta mali yako."

"Sikuiomba."

"Wala mimi sikukuomba uniite mkaguzi. Shika!"

"Itupe. Si ndiyo kazi yako, kutupa vitu vyangu?"

"Ulisema nikikutafuta nifuate nyekundu. Haya, twende na nyekundu yako!" Mchambuzi aliinua dira mbele ya uso wa Jokofu, akakanyaga mstari. "Tazama! Hata yenyewe imekuchoka. Imekupa kisogo!"

Kweli. Ncha nyekundu ilikuwa imeipa sumaku mgongo na inamwelekea Mchambuzi, mlangoni.

Jokofu alifungua mdomo arudishe tusi, kisha akainamia dira. Walitazama mshale, wakatazamana, wakautazama tena.

"Siku ya kwanza ulitazama ndani," Mchambuzi alisema polepole.

"Dira ndogo hizi hupinduka zikisogezwa karibu na sumaku kubwa. Haina maana."

"Sijaisogeza popote. Inakaa mezani kwangu."

"Twende nje."

Walitoka mbio, bega kwa bega, bado wamenuniana, hadi mwisho wa uwanja wa magari. Kaskazini ilikuwa upande wa mnara wa maji, kila mtu wa pale aliijua. Ncha nyekundu ilitulia ikiutazama mnara, mtiifu kabisa. Dira ilikuwa nzima. Kilichogeuka ni sumaku.

Jokofu alishika kichwa. "Nyaya. Nimezipishanisha nyaya. Umeme umeingia kinyume, na sumaku imegeuka kinyume."

"Kwa hiyo protoni tunazoandika zinatazama juu..."

"Zimekuwa zikitazama chini. Tangu matengenezo."

"Shabaha haikuharibika!" Mchambuzi alimshika ovaroli kifuani kwa mikono miwili. "Data si mbovu, zimevaliwa nje ndani! Na ile namba ya siri ilinificha alama, ndiyo maana sikuona. Mjinga wewe! Hukupima upande?"

"Nilipaswa kupima. Nilikuwa..."

Mchambuzi aliisikia tena spana ikigonga chuma nyuma ya sauti inayocheka. Akaliachia ovaroli.

"Ulikuwa kwenye simu," alisema. "Na mimi."

Saa ile ile walimwendea Mkuu, naye akaitisha watu. Jokofu alisimama mbele yao, mwenye kiburi yule, shingo imenyooka kama anayengoja kukatwa.

"Nyaya nilizifunga mimi. Nilizipishanisha, na sikupima upande wa sumaku."

"Kwa nini hukupima?" Mkuu aliuliza.

Jokofu alibana midomo. Alijua jibu, na kila mtu aliona kwamba hatalisema hata wamchune ngozi. Mchambuzi akainuka kutoka kiti cha nyuma.

"Alikuwa kwenye simu na mimi, mama. Aliniambia mikono imejaa. Nikamlazimisha."

Mkuu alivaa miwani. "Mlikuwa mnazungumza nini cha maana kiasi hicho?"

"Shairi."

Hapo mtu mmoja akapaliwa na kicheko. Mkuu hakucheka.

"Sumaku ipimwe leo, kwa kipimo cha kweli, si kwa kitu cha kuchezea. Ikithibitika, data zinabaki na alama zinageuzwa. Namba ya siri isiguswe hadi siku yake. Wewe," alimwelekezea Jokofu kidole, "utapata barua ya onyo. Na kuanzia leo simu yako inalala mlangoni pamoja na vibanio."

Kipimo kilithibitisha. Jokofu alipotoka ukumbini, Mchambuzi alikuwa anamngoja kwenye mstari wa njano, na foleni ya zamu imeshajipanga nyuma yake.

"Bado nina hasira na wewe," Jokofu alisema.

"Hata mimi. Tena zangu ni nyingi kuliko zako."

"Ungeweza kukaa kimya mle ndani. Nisingekutaja."

"Najua. Ndiyo maana sikukaa."

Jokofu aliivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Nataka kukuoa. Lakini mkaguzi simuoi."

"Na mimi siolewi na jokofu linalochemka."

"Nitajifunza kupoa, hiyo ni kazi yangu. Na wewe?"

Alijua anachoulizwa. Nyuma yake mtu alikohoa, mwingine akasema, "Dada, jibu basi, zamu inaanza!" Mchambuzi aligeuka akawatazama wote, hasira bado zimemjaa machoni pamoja na machozi, kisha akamgeukia Jokofu na kusema kwa sauti iliyofika mwisho wa korido:

"Namba nitakuficha, kanuni ni kanuni. Lakini mvua ikija, iwe ya kazini au ya nyumbani, utaisikia kwangu, uso kwa uso, kabla hata tone halijamgusa mtu mwingine. Nakuahidi mbele ya hawa wote."