Ini la Mbuzi Mkononi mwa Mwizi

Mashine ya boti ya Bi Hidaya iliibwa Ujiji mwaka tisini na sita, wakati boti zikishusha wakimbizi kila uchao. Mzee Hamdani, aliyekuwa akiitunza ghalani mwake, alikuta kufuli limevunjwa. Hakupiga yowe wala hakumwita jirani. Alikwenda moja kwa moja kituoni akasema, "Leteni mbwa."

Akaletwa Jabali, mbwa wa Koplo Scola. Hamdani akamfungulia mlango mwenyewe, akatoa kipande cha kitambaa. "Hiki mwizi kakiangusha. Si cha humu."

Jabali akanusa, akachomoka. Vichochoroni watu walikusanya kanzu zao kumpisha. Alifika gatini, akawapita wapagazi wote, akaketi mbele ya Anatoli.

Scola alichanganyikiwa. Anatoli, Mrundi mpole, ndiye aliyemsaidia kumfundisha mbwa huyo miezi miwili, kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala la Hamdani.

"Afande, mimi?"

"Ndiyo maana!" watu wakapaza sauti. "Kajifunza mambo ya polisi ili aibe!"

Pingu zikafungwa. Mkuu wa kituo hakutaka maneno mengi: kesho Anatoli angepandishwa boti arudishwe kwao, kwenye bunduki alizozikimbia. Mkewe Leonia alikaa chini pale pale, akashindwa hata kulia.

Mchana Scola aliingia mahabusu.

"Kitambaa ni chako?"

"Oya, hapana, si changu."

"Mbwa kakutambua, Anatoli. Nimfanyeje?"

"Huyo mbwa ananipenda tu, Afande. Mkono wa nani ulikuwa unampa ini?"

Scola akakumbuka mazoezi. Mungu wangu! Zawadi ya mbwa ilimsumbua tangu mwanzo. Dagaa alizikataa, kwa kuwa Ujiji nzima inanuka dagaa na mbwa angesimama kila mlango. Mpira Jabali aliuchoka. Akachagua ini la mbuzi, na akataka litolewe na anayetafutwa, ili mbwa afurahie kumpata mwizi. Uamuzi mzuri kabisa, ila mwizi wa mazoezi, anayejificha atafutwe, alikuwa mmoja tu siku zote: Anatoli.

Alasiri aliwaita wote uani mwa kituo. Anatoli alisimama kati ya askari. Bi Hidaya alikaa langoni, Hamdani pembeni yake.

"Shikamoo, Bi Hidaya. Kitambaa hiki unakijua?"

"Marahaba, mwanangu. Nisikijue vipi? Kanga yangu kuukuu hiyo! Ndiyo niliyofungia mashine, Hamdani akiniona."

"Kanga zinafanana," Hamdani akasema.

"Pindo nimelishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Hebu litazame!"

Scola akamnusisha Jabali kanga ile. Mbwa akampita Bi Hidaya, mwenye kanga, akaenda kuketi mbele ya Anatoli, udenda unamtoka. Askari wakaangua kicheko. Scola hakucheka.

"Hafuati harufu," akasema. "Anafuata ini. Kosa ni langu. Lakini Mzee Hamdani, kwa nini ulisema kanga hii si ya ghalani mwako?"

"Nilisahau."

"Na mbwa ulimwitia nini?"

"Nilitaka haki."

Bi Hidaya akamgeukia. "Haki! Wewe Hamdani, mbwa akikugusa upindo unaosha mara saba, na udongo juu. Leo umemkaribisha mpaka penye mkeka wako wa kuswalia?"

"Kila jioni ulikuwa dirishani ukitutazama," Scola akaongeza. "Ulijua mbwa ataketi kwa nani, hata akinusishwa jiwe."

Hamdani alitazama lango. Askari alikwisha kulifunga.

"Mashine iko kijijini Ilagala," akasema mwishowe. "Wanavushia watu ziwani. Siku hizi mashine moja inalipa kuliko duka zima. Nilidhani... huyu si mtu wa hapa, nani angemuuliza?"

"Mimi ningemuuliza," Bi Hidaya akasema, na hakumtazama tena.

Scola akamfungua Anatoli pingu kwa mkono wake.

"Nisamehe, ndugu yangu. Itabidi nianze upya na mbwa huyu, kwa watu tofauti tofauti. Siku moja moja utakuja kunisaidia?"

Anatoli alisugua viganja vyake. Leonia alikuwa amekwisha kumshika mkono.

"Kumshika kamba nitakuja, Afande. Kujificha, tafuta mwingine. Mimi nimejificha inatosha."